Aje na Viatu Vilevile

Nimeuza viatu vya mitumba katika soko la Tengeru tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni, na naomba niseme mapema kwamba doa la kiatu haliniogopeshi. Raba za kitambaa zilizoingia matope nazifua kwa sabuni ya unga, nazisugua kwa mswaki wenye dawa ya meno, kisha nazizungushia karatasi za chooni kiatu kizima na kuzianika kivulini. Zikikauka, umanjano wote umehamia kwenye karatasi. Kiatu cha ngozi ya kawaida hakitaki fujo: kitambaa chenye maji kidogo, ukiache kikauke, halafu dawa ya viatu na brashi. Wino wa kalamu kwenye ngozi bandia unatoka kwa mafuta ya taa kidogo sana kwenye pamba, na ukizidisha unatoka pamoja na rangi yenyewe. Ngozi ile inayong'aa naifuta kwa maziwa. Wanawake wenzangu pale sokoni wanalijua hilo, na mwenye kiatu kilichomshinda huniletea mimi kwanza kabla hajakitupa.

Kwa hiyo mtu asije akanieleza kwamba sikujua la kufanya. Nilijua. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba nilijua, na bado nikashindwa.

Viatu vyenyewe vilikuwa vyangu. Hili nalo linahitaji maelezo, maana muuza viatu havai viatu vizuri. Vizuri ndivyo vinavyouzika, na yeye anabaki na vilivyobaki. Kuna msimu mzima nilivaa kiatu cha kushoto namba thelathini na nane na cha kulia thelathini na tisa, na nikawa nawaambia wateja kwamba ndiyo mtindo. Lakini siku moja tulifungua mzigo, na juu kabisa vikakaa viatu vya kike vya rangi ya chai ya maziwa, visigino vifupi, vya ngozi ya manyoya. Ngozi ya manyoya ni ile laini ambayo ukipitisha kidole kinaacha njia, na ukikirudisha njia inafutika. Ndani havikuwa na alama hata ya unyayo. Aliyevitoa huko kwao sijui aliudhiwa na nini, ila hakuwahi kuvivaa. Niliviingiza chini ya meza kabla mteja yeyote hajaviona, na nikajiambia hivi vitanisubiri mpaka nipate mahali pa kwenda.

Mahali pakapatikana. Mwanangu wa pili alikuwa amempata binti huko juu ya Olmotonyi, na akataka twende kwao kubisha hodi.

Sisi ni Wameru wa upande wa Tengeru, ingawa tunaishi Lemara siku hizi. Wao ni Waarusha. Mlima ni mmoja, lakini bibi wa nyumba ile anaongea Kimaa na mimi naongea Kimeru, basi tunakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akijikwaa kwa namna yake. Hilo halikunitia wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi ni mvua. Ilikuwa katikati ya masika, na baada ya kukipita chuo cha misitu cha Olmotonyi gari lilianza kuserereka, na mwishowe dereva akatuambia kwa upole kwamba yeye amefika. Sehemu iliyobaki tukapanda kwa miguu. Udongo wa kule ni mweusi na unanata, ukiinua mguu unaona umebeba shamba la mtu. Mume wangu alikuwa na viatu vyake vya ngozi nyeusi vya kanisani, mwanangu raba nyeupe, na mimi viatu vyangu vya rangi ya chai. Nilitembea pembeni kwenye majani kama mbuzi, na hata hivyo nilifika vikiwa vimepakwa tope mpaka kwenye kisigino.

Lakini sikuhangaika. Tope kwenye ngozi ya manyoya si msiba. Unaliacha. Linakauka lenyewe, kesho yake unapiga brashi kavu, na linadondoka unga bila kubishana. Kosa ni kuligusa likiwa bichi, na kosa kubwa kuliko yote ni maji. Kwa hiyo nilivua viatu kibarazani, nikaviweka peke yake, mbali kidogo na vile vya wengine, ili hewa ivipitie, nikaingia ndani kwa amani.

Tulipokelewa vizuri sana, siwezi kusema vinginevyo. Baba wa binti ni mtu mpole mwenye sauti ya chini. Bibi wa binti, ambaye wote pale wanamwita koko, ni mzee sana na macho yake yameingia ukungu. Nilipomwamkia alinishika mikono yote miwili, akaipapasa vidole kwa vidole kama anayetafuta kitu, na hakuiachia upesi. Halafu akasema anarudi jikoni kwenye moto wake. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wetu, alieleza kwamba kijana wetu amepita karibu na bustani yao na ameona ua. Wakacheka, wakasema bustani yao ina maua mengi, turudi siku nyingine tuonyeshe ni lipi. Tukaletewa loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, kwenye vibuyu, na nyama, na ndizi. Nilikula nikashiba.

Sasa iko desturi moja ambayo naijua kama ninavyojua jina langu, na sielewi ilinitokaje akilini siku ile. Kwao, na kwetu pia, mgeni aliyefika na matope haondoki nayo. Wakati anakula, mtu wa nyumba ile anakusanya viatu mlangoni na kuviosha, na mgeni akitoka anavikuta vimepangwa, ncha zikitazama njia. Ni heshima kubwa. Mimi mwenyewe nikiwa msichana nimeosha viatu vya wachungaji na vya wanunuzi wa kahawa. Lakini enzi zile viatu vilikuwa vya ngozi ngumu au vya plastiki, na hakuna aliyetutembelea na ngozi ya manyoya.

Nilipotoka kibarazani nikavikuta vimepangwa. Vya mume wangu vinang'aa. Raba za mwanangu nyeupe. Vyangu vilikuwa vimelowa hadi kwenye soli, vimesuguliwa kwa stili waya, kisha vikasogezwa karibu na moto ili vikauke haraka nisicheleweshwe. Manyoya ya mbele yalikuwa yamelala na kugandamana. Kulikuwa na michirizi myeupe ya sabuni, doa jeusi mahali pa kidole gumba kwenye kiatu cha kulia, vitone vya kutu, na ndani ya mishono kitu cha kijivu ambacho nilikitambua kwa harufu. Majivu. Nikasimama pale nikijiuliza ni msichana gani wa siku hizi anaosha viatu kwa majivu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ameikutanisha mbele, anaangalia chini. Nikamwambia asante mwanangu, umetuhudumia vizuri. Neno lilitoka kwa shida, kama mfupa wa samaki. Akainua macho, akaangalia viatu, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba anajua kabisa vimekuwaje. Hilo ndilo lililonipandisha zaidi. Kama anajua ngozi ya manyoya haioshwi, kwa nini aliiosha?

Nilishuka mlima ndani ya viatu vilevile, soksi zimelowa maji. Sikusema kitu mpaka tulipofika Ngaramtoni, na nilipoanza kusema sikunyamaza mpaka Lemara.

Hayo yangeishia hapo. Viatu nilishavitia kwenye takataka, ningelalamika kwa wiki moja, na mume wangu angenivumilia kama kawaida yake. Lakini baada ya siku chache mwanangu alikuja sebuleni, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni, akasema wazee wa kule wametupa Jumapili ya kurudi. Nikasema vizuri. Akasema kuna jambo jingine, kutoka kwa binti.

"Amesema uje na viatu vilevile."

Nikamuuliza viatu gani.

"Vile ulivyovaa. Amesema ukija na vingine, yeye hatatoka jikoni."

Ili mtu aelewe uzito wa hilo, lazima ajue ziara ya pili inakuwaje. Wazee wakishakaa, binti anaitwa mbele ya watu wote na kuulizwa kama anawajua wageni hawa. Akisema anawajua, mazungumzo yanaanza. Asipotoka, hakuna anayeenda kumvuta. Wageni wanamaliza soda zao, wanashukuru, wanarudi walikotoka, na safari ile haina nyingine.

Nilikasirika, sifichi. Mtu aliyeniharibia viatu sasa ananipangia nivae nini miguuni. Nikamwambia mwanangu kama huu ndio mwanzo, mwisho wake utakuwaje. Akasema hata yeye haelewi. Alimuuliza binti sababu, binti akalia, akasema amwambie mama hivyohivyo, kisha simu ikakatika. Mwanangu hana maneno mengi. Tangu utoto ukimpa kiatu kinachombana atavaa mpaka kidole kitoke damu ndipo aseme. Na pale kwenye kochi nilimwona anaogopa. Kijana wa miaka yake, mwenye ndevu, anaogopa kwa sababu ya viatu vyangu. Hapo nikaenda uani kuvitoa kwenye ndoo ya takataka.

Nililifikiria jambo lile hivi. Binti ana aibu. Anataka kuviona vimepona, ili ajue hakuniharibia kitu. Nisipovivaa, hatatoka. Na nikivivaa na madoa yake, ni sawa na kumnyooshea kidole mbele ya baba yake na wajomba zake, kwamba tazameni kazi ya mtoto wenu. Njia ilibaki moja tu. Vitakate.

Nilianza kwa adabu. Nikaviacha vikauke kabisa kivulini, nimevijaza magazeti ndani ili vikumbuke umbo lao. Nikapiga brashi kavu, kwanza kufuata manyoya, halafu kinyume. Majivu kidogo yakatoka. Michirizi ikabaki palepale. Nikachukua siki, nikalowesha ncha ya kitambaa, nikagusa bila kusugua, maana siki inakula chumvi ya sabuni. Michirizi ikafifia, na mimi nikafurahi kama mjinga. Ilipokauka ikarudi, na imeleta wenzake. Nikanyunyiza poda ya watoto kwenye lile doa jeusi inyonye mafuta. Ikanyonya uvumilivu wangu. Nikachemsha maji, nikakishikilia kiatu juu ya mvuke ili manyoya yasimame, na yalisimama kweli, kila moja likiwa na tone lake la kutu likionekana vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Sisi tuliokulia maji ya mlima huu tunalijua doa lisilotoka, tumelibeba mdomoni. Nikiwa msichana nilisugua meno yangu kwa mkaa, kwa chumvi, kwa mchanga laini wa mtoni, kwa limau mpaka fizi zikauma, nikitaka niwe na meno meupe kama ya wasichana waliotoka mikoa mingine. Baadaye tukaambiwa ni madini yaliyomo kwenye maji, yameingia tangu jino likiwa bado changa, na hakuna mswaki utakaoyafikia. Niliposikia hivyo nilijisikia nimedhulumiwa kwa jasho langu lote. Sasa, nikiwa na kiatu mapajani pale uani, hasira ileile ikanijia. Unasugua, unasugua, na kitu chenyewe kiko ndani.

Nikaenda kwa fundi viatu wa karibu na nyumbani, ambaye tunaheshimiana ingawa kila mmoja anaamini yeye ndiye anayejua zaidi. Akakigeuza kiatu, akakinusa, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. Akasema nijaribu kusugua na raba. Nikamuuliza raba gani tena. Akasema ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli, nyeupe, laini, inavuta uchafu kwenye manyoya bila kuyalowesha. Nikaona ana hoja. Nikampigia simu mume wangu, nikamwambia akiwa anarudi apitie dukani aniletee raba, nyeupe, na awahi kabla hawajafunga.

Mume wangu akawahi. Akaingia na mfuko, ana tabasamu la mtu aliyemaliza vita vya nyumba yake, akatoa raba. Za kuvaa. Nyeupe, mpya, namba yangu hasa.

Akasema aliona nimeshachoka na vile viatu, akafurahi kwamba hatimaye nimeamua kuvaa kitu cha maana cha kupandia mlima. Nikamweleza raba ni ya kufutia. Akasema ningesema ufutio. Nikamuuliza ni lini katika ndoa yetu amewahi kunisikia nikisema ufutio. Akafikiri kwa haki kabisa, akakiri hajawahi. Ni mtu wa amani, na hakuna kinachonikera kama mtu wa amani wakati mimi nina vita. Zile raba nikazipiga kabatini. Ya kufutia niliipata kesho yake, na fundi hakusema uongo, ilivuta uchafu wa juu. Kwenye kutu ikateleza tu, kisha ikaacha ukungu mweusi wake yenyewe.

Wakati huo kila mtu alikuwa na ushauri, hata pale sokoni nilikokuwa navibeba kila siku. Wifi yangu akanipigia simu kunieleza habari za magadi. Alisema magadi yanalainisha maharage, yanalainisha makande, yanalainisha hata nyama ya ng'ombe mzee, seuze kutu. Kama muuza viatu ningemcheka. Lakini nilikuwa mama wa kijana anayeogopa, na Jumapili ilikuwa inakaribia, na mtu akifika hapo anaanza kusikiliza mambo ambayo angewakataza wateja wake. Nikayeyusha magadi kidogo, nikagusa kile cha kushoto pembeni, mahali pasipoonekana sana. Rangi ya chai ikawa rangi ya chai iliyokaa usiku kucha kwenye birika. Nikakaa nikiiangalia. Halafu, ili viatu vifanane, nikafanya hivyohivyo kwenye cha kulia. Hapo ndipo nilipovirusha ukutani, na jirani akauliza kama kuna nyoka.

Fundi akasema imebaki rangi. Avipake nyeusi vyote, vitoke kama vipya. Nikamwambia binti amesema vilevile, na vyeusi si vilevile. Akanijibu kwamba hata hivi nilivyoshika si vilevile. Nikavirudisha mfukoni nikaondoka, kwa sababu alikuwa amesema kweli na nilikuwa nimechoka.

Jumamosi jioni mume wangu aliniambia nivae zile raba, na binti asipotoka tutajua Mungu hakupanga. Nikamwambia Mungu hajahusika hapa, aliyehusika ni mtu aliyeshika stili waya. Akasema labda nichukulie kwamba ni viatu tu. Hilo neno, viatu tu, ndilo lililonitoa machozi. Nililia kwa hasira, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, brashi mkononi. Miaka yote nimewavalisha watu, nimejiwekea jozi moja, nimeivaa mara moja, na jozi hiyo sasa imeshika ndoa ya mwanangu.

Jumapili baada ya ibada nilivaa gauni refu kuliko yote niliyonayo, na chini yake vile viatu. Gari safari hii lilipanda mbele kidogo, kwa kuwa mvua ilikuwa imepumzika siku mbili, lakini tope lilikuwa bado lipo penye kivuli cha misonobari na tukatembea. Njiani sikumsikiliza mtu. Nilikuwa napanga maneno yangu. Nilikuwa nimeamua kwamba binti akitoka, na mambo yakiisha vizuri, nitamvuta pembeni nimfundishe kwa upole. Mwanangu, kuna ngozi ya kawaida na kuna ngozi ya manyoya. Hii haiguswi na maji, hata mgeni awe wa namna gani. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yana heshima, na yana sumu kidogo kwa ndani ambayo ni mimi tu ningeijua.

Uani kwao watu walikuwa wameshajaa. Viti vilikuwa vimepangwa, wajomba wa binti wamekaa upande mmoja, baba yake amesimama kutupokea. Kwenye mlango wa jiko niliona nusu ya uso wa binti na mkono mmoja umeshika fremu. Alikuwa anaangalia chini ya gauni langu.

Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuamkiwa. Nikainama nikampa mikono.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Ni wewe, nakujua kwa mikono." Akanishikilia. "Umekuja na vile viatu?"

Kabla sijajibu aliachia mkono wangu mmoja, akainama taratibu, akapapasa pindo la gauni mpaka akakipata kiatu. Vidole vyake vikapita mbele mahali pa kidole gumba, pembeni, kwenye mshono, nyuma kwenye kisigino. Watu wakainuka kidogo kwenye viti wakidhani mzee anadondoka.

"Ndivyo," akasema. Akacheka kidogo. Kisha akanyanyua uso kuelekea kwa wajomba na kusema kwa sauti ili wasikie. "Huyu mtoto alinikataza. Aliniambia, koko, viatu hivi usivitie maji, niachie mimi. Nikamwambia nenda zako. Huyu ndiye aliyemzaa mume wako, viatu vyake siwaachii watoto. Nitaviosha mwenyewe."

Akanigeukia tena. Macho yake hayakunipata vizuri, yalitua begani mwangu.

"Vilitakata?"

Niliangalia mlangoni mwa jiko. Binti alikuwa ametokeza uso mzima sasa, na uso huo haukuwa wa mtu mwenye aibu yake mwenyewe. Alikuwa ananisihi. Kumbe muda wote ule aliona kwamba nikija na viatu vingine, koko atauliza vile viko wapi, na mtu atamjibu kwamba aliviharibu. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yakakwama, na hasira niliyoipandisha mlima ule ikakosa mtu wa kumshukia. Bado ilikuwepo, isipokuwa ilikuwa haina pa kwenda.

"Vilitakata, koko," nikasema. "Hata pale sokoni watu wananiuliza ni nani aliyeviosha."

Na huo haukuwa uongo. Walikuwa wananiuliza.

Mzee akafurahi mpaka akapiga paja. Akasema kitu kwa Kimaa ambacho kiliwachekesha wajomba, halafu akaninyooshea mkono, kiganja juu, akausubirisha hapo.

"Basi vua. Leo pia kuna tope."

Mume wangu alikohoa. Mwanangu, ambaye hakuwa anaelewa lolote, alikuwa ananiangalia mimi, kisha mlango wa jiko, kisha mimi. Nikaegemea nguzo ya kibaraza. Nikavua cha kulia, nikavua cha kushoto. Nikavishika kidogo, nikapitisha kidole kwenye manyoya mara moja, kisha nikavitia mikononi mwa yule mzee, nikaingia ndani na soksi, na wajomba wakatufuata.

Hatukukaa sana kabla baba wa binti hajamwita. Alitoka mara moja, amejifunga kitenge, akapita mbele ya watu wote na kusimama. Baba yake akamuuliza kama anawajua wageni hawa.

"Nawajua," akasema. Kisha, bila kuulizwa, akaja akapiga magoti kando ya kiti changu na kuniamkia, na akabaki hapo, bega lake likigusa goti langu, wakati shemeji yangu anaanza habari za ua na bustani.

Nikachukua soda yangu. Huko nje nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na baada ya kitambo kidogo stili waya ikaanza kazi.